Ndege Ipo Juu, Mkulima wa Mbarika Je?

Ukisikia mafuta ya ndege unafikiria Uarabuni, ama? Sasa fikiria Makueni. Julai 2022, kampuni ya Eni ya Italia ilianza kukamua mafuta ya mbegu huko, mbarika zikiwemo. Mafuta hayo husafirishwa hadi Italia kusafishwa. Mei 2023, Kenya Airways ikaruka kutoka Nairobi hadi Amsterdam na mafuta ya kawaida yaliyochanganywa na bayojeti ya Eni.

Wazo ni poa. Mbarika huvumilia ukame wa Ukambani, na mmea hufyonza kaboni hewani kabla mafuta yake kuchomwa.

Lakini ngoja. Bei ya ndengu ikianguka, mama anapika, watoto wanakula. Mbarika je? Mbegu zake ni sumu. Mnunuzi akiingia mitini, umebaki na magunia tu.

Kwa hivyo ukienda ushago Kitui au Makueni, na wazee wanaambiwa wapande, wasaidie kuuliza: Kilo ni pesa ngapi? Italipwa lini? Imeandikwa wapi? Na shamba la ndengu lisiguswe. Ndege isiruke kwa njaa ya mtu.