Mashine za Michezo na Fedha ya Amana

Hapana nyumba katika zama hizi isiyolijua jina la gemu. Hata hapa kwetu Kisiwa Panza, kisiwa kidogo kilicho kusini ya Pemba, ambako kufika kwake ni kuvuka bahari kutoka Chokocho, watoto wa Juzuu Amma huzijua gemu kwa majina yake kabla hawajazijua nguzo za udhu. Wazee nao wamekuwa makundi mawili: wako wanaonyamaza, na wako wanaopiga kelele. Sisi tulikuwa katika hao wenye kelele. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu jambo lililotokea mtaani kwetu, likatulazimisha kulitazama upya suala hili, maana twadhani ziko nyumba nyingi zenye kisa kama hiki na hazina wa kumuuliza.

Siku moja baada ya sala ya alasiri alitujia mama mmoja, mjane, mkulima wa mwani. Zamu yake ya upatu ilikuwa imefika, akapokea shilingi 300,000, akampa mwanawe wa kiume aende Chake Chake kununua mabati, kwani jiko lake lilikuwa likivuja na masika yalikuwa yanakaribia. Kijana alirudi jioni bila ya bati hata moja. Alirudi na boksi. Ndani yake mlikuwa na mashine ya PlayStation 2, ya lile umbo kubwa la mwanzo, na pedi mbili, na kadi ya kuhifadhia mchezo, na santuri kadhaa. Kwa vyote hivyo alitoa shilingi 270,000. Usiku ule aliichomeka mashine ile katika umeme, ikalia mara moja, ukatoka moshi, ikawa imekufa.

"Maalim," alisema yule mama, "mimi sikuja umpige. Nimekuja unambie kama mwanangu ni mwizi au si mwizi, maana mimi ndiye mamake na sijui."

Hatukumjibu siku ile. Tulimwambia tutakuja kesho, nasi tulikwenda, na niya yetu ilikuwa kumkemea kijana na kumwamuru akavitupe vyote pwani.

Kijana huyu amepita mikononi mwetu. Alikhitimu Kur-ani chuoni kwetu akiwa na miaka kumi na miwili, na sauti yake ilikuwa nzuri. Alitupokea kwa adabu, akatuamkia, akatukalisha juu ya kitanda, kisha akavuta sanduku la bati lililokuwa uvunguni. Hapo ndipo tulipojua kwamba PlayStation ile haikuwa ya kwanza. Sanduku lilikuwa na katriji za Game Boy zilizofungwa kila moja katika kitambaa chake, na santuri zilizopangwa kama misahafu, na pedi za aina mbalimbali, na baina ya vitu vile aliweka vile vifuko vidogo vya chembe kavu vinavyotoka katika maboksi ya viatu, ili hewa ya chumvi isile shaba ya ndani. Nasi wakaazi wa visiwa twajua chumvi inavyokula: haisazi msumari, haisazi bawaba. Tulistaajabu kwa uhifadhi ule. Yuko aliyekuwa na msahafu wa babu yake na hakuuhifadhi hivyo.

Juu ya sanduku palikuwa na daftari. Ameandika kila kitu alichonunua, tarehe yake, bei yake, na kasoro iliyokuwa nacho. Tulifungua ukurasa wa mwisho, tukasoma bei ya ile mashine, na mbele yake: "Pesa za mama. Nitarudisha."

Tulimuuliza kwa nini anakusanya vitu vile ilhali vingi katika hivyo hana mashine ya kuvichezea. Alijibu kwamba vimekwisha kutengenezwa, na kila mwaka vinapungua. Maneno yake ni kweli. PlayStation 2 ilianza kuuzwa Japani mwezi wa Machi, 2000, zikauzwa zaidi ya milioni 150 duniani, na mwaka 2013 kiwanda kikaacha kabisa kuitengeneza. Katika miji yetu ya pwani ndiyo iliyojaza vibanda ambamo vijana hulipia kila mechi ya mpira. Basi zile zilizobaki ni mitumba, na mitumba huja kwa makontena kutoka kila upande wa dunia, nzima na mbovu pamoja.

Ama kupanda kwa thamani ya vitu hivi, kumefika mahali ambapo akili hushangaa. Mwezi wa Julai, 2021, katika mnada wa Marekani, katriji moja ya mchezo uitwao Super Mario 64, uliotoka mwaka 1996, iliuzwa kwa dola 1,560,000. Na sababu ya bei ile ni kwamba haikupata kufunguliwa. Mtu ametoa mali yote ile kwa kitu ambacho akikitumia kwa kile kilichotengenezewa, thamani yake humwagika. Na liko la ajabu zaidi. Mwaka 1983 kampuni ya Atari ilikuwa na katriji nyingi mno zilizokosa wanunuzi, ikazipakia katika malori, ikazifukia jaani katika mji wa Alamogordo, huko New Mexico. Mwaka 2014 wakaja watu wakachimba, wakazitoa zikiwa na tope na harufu ya taka, na mji ule ukaziuza mia kadhaa katika hizo, ukapata zaidi ya dola 100,000. Kitu ni kile kile. Kilipokuwa kipya madukani watu walikikataa, na kilipotoka taka wakakigombania.

Tulipomweleza kijana kwamba huku ni kushindana kwa wingi, na kwamba iko sura nzima katika Kur-ani iliyoshuka kulikemea jambo hilo, aliinamisha kichwa, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti ya chini: "Maalim, unisamehe. Na vile vitabu vyako vya kabatini, vile ambavyo kurasa zake hazijakatwa?"

Twakiri mbele ya wasomaji kwamba hatukuwa na jawabu. Tuna kabati la vitabu vilivyochapwa Misri, vingine tulivirithi na vingine tulivinunua kwa fedha ambayo nyumba iliihitaji, na kweli viko ambavyo kurasa zake zingali zimeshikana kama zilivyotoka kiwandani. Twaviweka kwa sababu twapenda viwepo. Hatusemi kwamba katriji ni sawa na kitabu cha elimu, hasha. Lakini kitabu kisichofunguliwa kimemnufaisha nani?

Akaongeza jambo la pili, nalo lilituuma zaidi. Alisema kwamba aliposikia darsa yetu ya mwaka ule, tuliposema kuwa mashine hizi zote ni haramu bila ya tafsili, aliona hana njia ya kumwambia mama yake kitu chochote juu ya sanduku lile. Akanyamaza, na kunyamaza kukamzoesha kuficha. Hatukusema haya ili kumwondolea lawama, kwani ufunguo wa ulimi wake ulikuwa mkononi mwake mwenyewe. Lakini sisi tulikuwa tumesema zaidi ya elimu yetu. Mchezo wenye kamari una hukumu yake, na mchezo wenye picha za uchi una hukumu yake, na unaompitisha mtu wakati wa sala vile vile. Mchezo wa mpira wa kwenye runinga, mtu na nduguye, baada ya kazi na sala, huo hatukuwa na hoja ya kuuweka katika fungu hilo.

Basi tulimwita mama, tukamjibu suali lake mbele ya mwanawe. Tulimwambia: "Si mwizi, maana mwizi huchukua kilichofichwa asikipate, na huyu ulimpa kwa mkono wako. Huyu amevunja amana. Fedha ile ilikuwa ya mabati, naye ni wakili wako tu. Alipoigeuza njia imekuwa deni shingoni mwake, shilingi kwa shilingi, ijapokuwa mashine imeungua." Mama alilia kidogo. Kijana alimpa hapo hapo zile 30,000 zilizosalia.

Asubuhi yake tukavuka naye hadi Chokocho, tukapanda gari mpaka Mtambile, na kutoka Mtambile mpaka Chake Chake, boksi mapajani mwetu. Mwenye duka, ambaye hatumtaji, alituonesha kibao ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Tukaigeuza mashine chini juu, tukamwonesha kibandiko. Kimeandikwa volti 100. Ilitengenezwa kwa umeme wa Japani, na umeme wetu ni volti 230. Bila ya transfoma ya kuupunguza, hapana mashine ya namna ile itakayosalimika. Tukamwambia kwamba kibao cha ukutani hakiondoi haki ya mnunuzi katika aibu iliyofichwa, na tukamkumbusha kisa cha Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta chini yake majimaji, na ukali wa maneno aliyomwambia yule muuzaji.

Mwenye duka aliapa kwamba hakujua. Alinunua kontena zima, na hasomi vibandiko. Yumkini ni kweli. Tena alimgeukia kijana: "Wewe ndiye fundi wa vitu hivi. Hukutazama?" Kijana alikiri kwamba alijua kutazama, na hakutazama, kwa khofu kwamba mwingine angeinunua. Hapo tukaona haki imegawanyika. Baada ya mazungumzo marefu na chai, walisuluhiana: duka likaichukua mashine kwa kipuri na kurudisha shilingi 100,000.

Hapa twapenda kuwanasihi vijana jambo moja ambalo fikihi yetu ya Shafi imelitengeneza tangu zamani, na ambalo mtu wa visiwani analihitaji kuliko mwingine. Kabla ya kutoa fedha, sharutisha khiyari ya siku tatu. Useme: nanunua, nami nina hiyari ya kurudisha mpaka siku tatu. Muuzaji akikubali, umepata nafasi ya kuvuka bahari, kuijaribu mashine, na kurudi. Akikataa, mwambie aichomeke pale pale dukani mbele yako, au uiache. Na ukigundua aibu usikae nayo wiki mbili ukitafakari, kwani kuchelewa bila ya udhuru huiangusha haki yako. Tazama kibandiko cha volti. Tazama kama santuri ni za nchi moja na mashine, kwani PlayStation 2 ya Japani haikubali santuri zilizotolewa kwa soko la Ulaya. Vijiti vya pedi viache bila ya kuvigusa uone kama mchezaji anatembea mwenyewe. Baadhi ya katriji za zamani za Game Boy zina betri ndogo ndani, nayo ikifa, mchezo hausahau kuanza upya kila siku.

Na aulizaye juu ya zaka, ajue kwamba vitu alivyovinunua ili avimiliki na kuvitumia havina zaka. Lakini aliyevinunua kwa niya ya biashara, akavingojea vipande bei, hivyo ni mali ya biashara; mwaka ukitimia navyo vimefika nisabu, atatoa 2.5 katika kila mia. Wengi hujidanganya baina ya niya hizi mbili.

Deni lilibaki shilingi 170,000. Hatukumwambia kijana auze nini. Alikaa na daftari lake siku tatu, kisha akauza katriji nne za Game Boy kwa mtu wa Dar es Salaam, zile alizozianza kukusanya tangu yuko skuli, akapata 120,000. Tulimuuliza kwa nini hizo, ilhali zilikuwa pedi na santuri asizozijali. Akasema hizo nyingine hapana anayezitaka.

Shilingi 50,000 zilizosalia zilimngojea baharini. Mwamba wetu wa pweza ulikuwa umefungwa kwa miezi, kama ilivyo kawaida sasa, ili pweza wakue, na siku ulipofunguliwa alikuwa katika wa mwanzo kuingia maji. Mama yake alipokea fedha hizo bila ya kuzihesabu. Mabati yalipigwa kabla ya mvua ya kwanza.

Juzi alikuja nyumbani kwetu na lile daftari. Mstari ule wa mwisho ameupiga kalamu. Alituletea pia vifuko viwili vya zile chembe kavu, akasema ni kwa ajili ya kabati la vitabu. Tumeviweka, na usiku ule tukakata kurasa za juzuu moja.