TRAUTI: MGENI ANAYEPIMA MAJI YA MILIMA YETU

Askari aliyepata kushika doria katika miteremko ya Mlima Elgon, au katika misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua, anajua kwamba maji ya huko juu si kama maji ya bondeni. Ni ya baridi kiasi cha kuumiza meno, tena ni maangavu hata changarawe iliyo chini yake huonekana moja moja. Katika maji hayo anaishi samaki ambaye asili yake si Afrika ya Mashariki, lakini ambaye kwa zaidi ya miaka mia moja amekuwa mkazi wa milima yetu. Samaki huyo huitwa trauti.

Watu wengi humjua trauti kama samaki wa mahoteli makubwa, au kama chombo cha burudani ya wenye nafasi. Makala haya yanakusudia kumweleza kwa upande mwingine. Trauti ni samaki asiyevumilia maji machafu wala maji ya vuguvugu. Mahali alipostawi kwa miaka mingi, kisha akaanza kutoweka, hali wavuvi hawajazidi, hapana budi kuuliza ni jambo gani limeyapata maji yale. Na kwa kuwa maji hayo ndiyo yanayoteremka kwenda kunywesha mashamba, miji na kambi zilizo chini, habari za samaki huyu zinamhusu pia mtu ambaye kazi yake ni ulinzi.

ALIKOTOKA NA ALIVYOFIKA

Trauti ni ndugu wa samoni, samaki mashuhuri wa nchi za kaskazini. Tofauti yao kubwa ni mwendo wa maisha yao. Samoni huzaliwa mtoni, huteremka baharini kukua, kisha hurudi mtoni kutaga mayai. Trauti, ijapokuwa wapo wanaokwenda baharini, anaweza kuyamaliza maisha yake yote katika maji baridi yasiyo na chumvi. Kwa sababu hiyo samoni hakufaa kwa maziwa ya milima ya Afrika, ilhali trauti alifaa.

Jambo hilo lilidhihirika mapema katika nchi nyingine. Mwaka 1864 meli iliyoitwa Norfolk ilisafirisha mayai ya samoni na machache ya trauti kutoka Uingereza hadi Australia, yakiwa yamefungwa katika kuvumwani na kuzungukwa na barafu. Mayai hayo yalifikishwa Tasmania na kuanguliwa huko. Samoni walioachiliwa waliteremka baharini wala hawakurudi kuanzisha kizazi. Trauti, ambao hawakuwa shabaha kubwa ya safari ile, ndio walioshika makazi, na kutoka hapo wakaenezwa kwingine. Ndivyo ilivyojulikana kwamba yai la samaki, likihifadhiwa katika ubaridi na unyevu, laweza kuvuka bahari lingali hai.

Katika bara la Afrika, trauti wa asili wanapatikana kaskazini tu, katika milima ya Atlas. Wale wa Afrika ya Mashariki waliletwa na watu. Mwaka 1905 mayai ya trauti wa rangi ya kahawia, wa asili ya ziwa Loch Leven katika Scotland, yaliletwa Kenya kwa juhudi za Ewart Grogan, mlowezi aliyejulikana kwa safari yake kutoka Cape hadi Cairo. Vifaranga wake walipandikizwa katika mto Gura, unaotoka katika milima ya Aberdare, ambayo ndiyo Nyandarua. Mwaka 1910 aliletwa trauti wa pili kutoka Afrika ya Kusini, ambaye ubavuni ana mstari wa rangi mithili ya upinde wa mvua. Huyu asili yake ni mito inayoingia katika bahari ya Pasifiki, upande wa Marekani ya Kaskazini na wa Kamchatka. Baadaye samaki hawa walienezwa katika mito ya Mlima Kenya, Mlima Elgon na Kilimanjaro.

Yafaa ikumbukwe kwamba kazi hiyo yote ilifanywa kwa ajili ya starehe ya walowezi. Wakikuyu walioishi chini ya milima hiyo, kwa mila zao za zamani, hawakuwa walaji wa samaki. Tena misitu hiyo hiyo ya Nyandarua, ambamo walowezi walivua kwa kujifurahisha, ndiyo iliyokuwa ngome ya wapiganaji wa Mau Mau tangu mwaka 1952 mpaka alipokamatwa Dedan Kimathi, mwezi Oktoba 1956. Baada ya uhuru wa Kenya mwaka 1963, mito na samaki wake vilibaki kuwa mali ya taifa. Kiganjo, mahali ambapo polisi wengi wa Kenya wamepata mafunzo yao ya kwanza, pana pia kituo cha serikali cha kuzalisha trauti. Humo mayai huanguliwa na vifaranga hulelewa.

KWA NINI AKAE MILIMANI

Msomaji aweza kushangaa kwamba samaki wa nchi za baridi anaishi karibu kabisa na mstari wa Ikweta. Sababu yake ni kimo cha nchi. Kila mtu apandapo meta 1,000, hewa hupungua joto kwa nyuzi 6 hivi za Sentigredi. Basi mito inayoanzia katika vilele vya Mlima Kenya, wenye meta 5,199, au Mlima Elgon, wenye meta 4,321, huwa na maji ya baridi mwaka mzima.

Baridi hiyo ni uhai kwa trauti. Maji yanayompendeza ni yale ya nyuzi 10 hadi 16. Yakifika nyuzi 20 huanza kutaabika, na yakikaribia nyuzi 25 yumo hatarini kufa. Maji ya baridi hushika oksijeni nyingi kuliko maji ya moto. Katika usawa wa bahari, lita moja ya maji ya nyuzi 10 yaweza kushika miligramu 11 hivi za oksijeni, lakini yakipata nyuzi 25 hayashiki zaidi ya 8 hivi. Trauti ni mwogeleaji mwenye nguvu na mahitaji yake ya oksijeni ni makubwa. Maji yakipata moto, mwili wake hudai oksijeni zaidi wakati ule ule ambapo maji yana kidogo ya kumpa.

Jambo la pili ni changarawe safi. Jike huchimba shimo dogo kwa mkia wake katika changarawe ya kijito kinachotiririka, hutaga mayai humo, kisha huyafunika. Maji yapitayo kati ya vijiwe huyapelekea mayai hewa. Katika maji ya nyuzi 10, mayai ya trauti wa upinde wa mvua huanguliwa baada ya mwezi mmoja hivi. Endapo katika mwezi huo mtu atakata miti ya ukingoni au kulima mpaka kwenye maji, mvua itateremsha udongo, tope litaziba nafasi za changarawe, na mayai yatakufa kwa kukosa hewa. Hakuna atakayeona mzoga wowote ukielea. Mwaka utakaofuata vifaranga hawataonekana, basi.

Kwa sababu hiyo, ziwa lisilo na kijito cha changarawe haliwezi kujizalishia trauti. Samaki waliopandikizwa humo hula, hukua na kuzeeka, na wasipoletwa wengine, ziwa hubaki tupu.

UVUVI WA ZIWANI

Mlima Kenya una maziwa madogo kadhaa yaliyo juu sana, kama vile Rutundu, Alice, Ellis na Michaelson. Maporomoko makubwa huwazuia samaki wa chini wasipande mpaka vimo vile, na trauti wa Rutundu na Alice, yaliyovutia wavuvi wengi, waliwekwa na watu. Ni nchi ya nyasi ndefu, upepo mkali na ukungu, ambako usiku maji ya kikombe huweza kuganda.

Huko trauti huvuliwa kwa ufito mwepesi, mshipi, na ndoana ndogo iliyovishwa manyoya na nyuzi ili ifanane na mdudu. Mshipi hurushwa mbele kwa mkono uliozoea, na chambo hicho cha manyoya hutua juu ya maji pasipo kishindo. Katika mto, samaki husimama akikabili mkondo na kungoja chakula kimjie. Katika ziwa hakuna mkondo wa namna hiyo, kwa hiyo yeye huzunguka kandokando kama mlinzi wa zamu, akiwatafuta wadudu wa majini. Mvuvi hodari hutazama kwanza, akijua samaki anapita wapi na kwa muda gani, kisha hutupa mshipi mbele ya njia yake.

Sheria za mchezo huu askari atazitambua mara moja. Usisimame mahali ambapo umbo lako litaonekana dhidi ya anga. Usiache kivuli chako kitangulie majini. Kanyaga taratibu, kwa maana mtikisiko wa ardhi humfikia samaki. Mwenye haraka hurudi mikono mitupu. Saa za asubuhi na za magharibi ndizo bora, kwa kuwa mwanga mkali humfanya trauti azame chini.

HASARA YA MGENI ASIYE NA MIPAKA

Hata hivyo, haifai kumsifu mgeni huyu kupita kiasi. Trauti ni mla nyama, na akiingizwa mahali ambapo viumbe hawakupata kumzoea, huwamaliza. Katika ziwa Titicaca, lililo baina ya Peru na Bolivia, trauti wa upinde wa mvua aliingizwa mwanzoni mwa miaka ya 1940. Samaki mmoja mkubwa wa jamaa ya Orestias, aliyekuwa akipatikana humo tu, ametoweka kabisa duniani, na trauti anahesabiwa miongoni mwa sababu.

Katika milima ya Sierra Nevada, jimbo la California, mambo yalikuwa hivyo hivyo. Maziwa yake ya juu hayakuwa na samaki. Watu walipandisha trauti kwa nyumbu tangu karne ya 19, na baada ya Vita Kuu ya Pili wakawa wanawamwaga kwa ndege. Vyura wa maziwa hayo, ambao viluwiluwi wao huchukua zaidi ya mwaka mmoja kukua, wakaliwa wakapungua mno. Kuanzia mwaka 2001 wenye mamlaka katika hifadhi ya Kings Canyon waliwaondoa trauti katika baadhi ya maziwa kwa nyavu, na katika maziwa yaliyosafishwa vyura waliongezeka tena. Ingawa baadaye ugonjwa wa ukungu uliwadhuru vyura hao, funzo lilikwisha kupatikana. Umoja wa kimataifa wa hifadhi ya viumbe, IUCN, umewaweka trauti wote wawili, wa kahawia na wa upinde wa mvua, katika orodha ya viumbe wageni 100 walio waharibifu zaidi.

Basi mgeni huyu anahitaji ulinzi wa namna mbili: alindwe pale aliporuhusiwa kukaa, na azuiwe pale asiporuhusiwa. Mtu anayebeba vifaranga kwa ndoo kutoka ziwa moja kwenda jingine, hata kama nia yake ni njema, anafanya jambo ambalo wajukuu wake huenda wasiweze kulitengua.

WAJIBU WA MLINZI

Zamani na sasa, watu wanaofika mara kwa mara katika vilele vya milima ni walinzi wa hifadhi, askari wa mipakani na polisi wanaowafuata wahalifu. Macho yao huona mambo ambayo ofisa wa samaki aliye mjini hayaoni.

Kwanza, mwenye silaha asitumie silaha kuvua. Mshindo wa bomu majini hupasua kibofu cha hewa kilicho ndani ya samaki, huua wakubwa na wadogo pamoja, na wengi wao huzama wasiokotwe. Sumu ni mbaya zaidi, kwa kuwa huteremka na mto hadi kwenye mtungi wa mama aliye kijijini. Pili, kibali cha kuvua kidaiwe kwa kila mtu, awe raia au ofisa. Tatu, mtu akikuta ukingo umelimwa, tanuri la mkaa limefukiwa kando ya kijito, au maji yaliyokuwa maangavu yamegeuka kuwa mekundu, ayaandike katika taarifa yake ya doria, na ataje mahali na siku.

Mambo hayo si madogo. Maji ya Nyandarua na Mlima Kenya ndiyo yanayoingia katika mto Tana, ambako yalijengwa mabwawa ya umeme ya Kindaruma mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978 na Masinga mwaka 1981. Tope linaloua yai la trauti huko juu ndilo linalojaza mabwawa hayo huku chini. Mto Suam wa Elgon nao hupita mpakani mwa Uganda na Kenya, nao hauulizi pasi kwa yeyote. Uchafu wa upande mmoja ni uchafu wa pande zote mbili.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Vipimo vya kisasa vya kupimia maji vipo, lakini ni ghali wala havipatikani katika kila kituo. Trauti yupo mtoni usiku na mchana, bila mshahara wala posho. Doria inayopita kwenye daraja la mbao huko mlimani na isimwone kwa miezi mitatu mfululizo, mahali ambapo zamani alionekana kila siku, inayo sababu ya kutosha ya kupanda mto na kutazama kuna nini.