Rejime moja ya ngazi haitoshi kusema mti ni muzuri

Wadogo wetu wa agro, kuna TFC nyingi zinasema "mungazi namba 7 ndio bora" sababu mwanafunzi alipima rejime yake moja, ilikuwa kubwa. Papa mwenye shamba anaamini, anapanda mbegu zake. Ule mti utakaa pale miaka 25 ao zaidi. Njo maana tuongee.

Mungazi (Elaeis guineensis) ni mti wa kwetu. Ni Yangambi, mwaka 1941, Beirnaert na Vanderweyen walionyesha kama gamba la kokwa linaongozwa na jeni moja: dura (gamba nene) ukiizalisha na pisifera (bila gamba), watoto wote ni tenera. Sifa hii haichezi. Kata ngazi chache, angalia gamba, imeisha.

Uzito wa rejime ni habari ingine. Unapanda na umri wa mti, unabadilika na msimu. Hata hesabu ya rejime inafuata ukame wa miaka kama 2 nyuma, wakati ua lilikuwa linaamua kuwa dume ao jike.

Kwa hiyo tunahesabu ripitabilite (r). Unapima miti mingi ya umri mumoja, kila mti mara kadhaa. Unachukua tofauti iliyo kati ya miti, unaigawanya kwa tofauti yote: ile ya kati ya miti pamoja na ile ya ndani ya mti ule ule. Ikiwa karibu na 1, mti unajirudilia. Ikiwa karibu na 0, ulipima bahati.

Kisha unapata hesabu ya rejime zinazohitajika: n = R²(1 − r) / [(1 − R²)r]. R² ni uhakika unaoutaka. Tuseme r ni 0,4 na unataka 0,80: rejime 6 kwa kila mti. Unataka 0,90? Ni 14! Lakini kama r ni 0,7, rejime 2 zinatosha kwa 0,80. Na zitoke misimu mbalimbali. Kukata zote mwezi mumoja ni kupima ule mwezi.

Hapa ndipo wengi wanaharibu: ndani ya rejime yenyewe. Ngazi za nje ni kubwa na zina rangi. Za ndani ni ndogo, nyeupe-nyeupe. Ukichuma za nje tu, mafuta yatapanda kwenye karatasi, si kwenye pipa. Chukua vitawi vya juu, vya katikati na vya chini, changanya, ndipo utoe sampuli. Kata rejime zote kwa alama moja, mfano ngazi za kwanza zikianguka zenyewe, sababu mafuta yanaongezeka mpaka mwisho wa kukomaa. Pima siku ile ile, pamoja na zilizoanguka. Na mtu mumoja akwangue nyama kwenye kokwa: mikono miwili, matokeo mawili.

TFC ya miezi 3 itakupa labda rejime 2 ao 3 kwa mti. Basi andika r yako na n yako, usichague mti mama. Tia miti namba za rangi, umuachie papa daftari na balansi, mwanafunzi wa mwaka kesho aendelee.