Kuhesabu Mayai ya Mifugo ya Baharini

Ndugu mkulima, unaposimama hapa Kotile ukitazama maji ya Tana yakishuka mekundu wakati wa mafuriko, usidhani kazi yake imekwisha. Maji hayo hushuka mpaka Kipini, yakaingia Ghuba ya Ungwana, na huko iko mifugo inayoyategemea.

Mifugo hiyo ni wanyama wadogo sana waeleao majini, waitwao zuplanktoni. Walio wengi ni kopepodi, ndugu wa kamba na kaa, na wengi wao hawafiki urefu wa milimita 2. Hula mimea midogo ya bahari, nao huliwa na dagaa na watoto wa samaki. Wakipungua hao, wavuvi watarudi na nyavu tupu.

Je, wataalamu huwapimaje? Hukokota wavu wa matundu madogo, kama mfuko mrefu uliochongoka, wenye chupa mkiani. Kipimo kilichofungwa mdomoni huonyesha maji yaliyopita. Lakini hesabu hiyo haitoshi. Mfugaji anajua kwamba wingi wa ng'ombe zizini si kipimo cha faida. Lazima aulize ndama wangapi wamezaliwa mwaka huu. Kundi la baharini laweza kuonekana dogo kwa kuwa samaki hulila upesi, kumbe linazaa sana.

Kwa hiyo huchagua majike wazima, huwatia katika chupa za maji ya bahari yenye chakula chao, na kuyaweka kwa joto lile lile la baharini. Baada ya saa 24 huhesabu mayai kwa darubini, kisha huyagawanya kwa idadi ya majike. Jike mwenye njaa hutaga machache. Basi mayai ndiyo yasemayo kama malisho ni mema.

Malisho hayo hutegemea pia mto. Tope huleta rutuba kwa mimea midogo, lakini likizidi huziba mwanga wa jua, nayo mimea haistawi.

Basi, ndugu, usilime mpaka ukingoni. Acha miti na majani yaushike udongo. Udongo ukibaki shambani utakupa mahindi na maembe. Ukichukuliwa na mto ni hasara mara mbili, yako wewe na ya mvuvi wa Kipini.