Majina ya Kompyuta Mtandao Unapokatika

Kompyuta hutambuana kwa tarakimu. Wanadamu hukumbuka majina. Kwa hiyo mtu aandikapo jina, sharti kwanza litafsiriwe kuwa tarakimu. Zamani orodha nzima ya tafsiri hizo ilitunzwa katika faili moja huko Marekani. Faili lilipozidi kukua, Paul Mockapetris alibuni, mwaka 1983, mfumo wa kuigawa orodha hiyo kwa seva nyingi, kila moja ikitunza sehemu yake. Majina yaishiayo na .tz, kwa mfano, yana seva zake.

Udhaifu wa mfumo huu huonekana kiungo cha nje kinapokatika. Ifikiriwe shule ya sekondari mjini Shinyanga, au zahanati karibu na machimbo ya Geita, yenye seva yake katika chumba cha pili. Mtu aandikapo jina la seva hiyo, swali laweza kupelekwa Dar es Salaam, au hata ng'ambo, kuulizia tarakimu za mashine iliyo hatua kumi kutoka alipoketi. Kiungo kikikatika, jibu halirudi. Umeme upo, seva ni nzima, lakini kumbukumbu za wagonjwa hazifunguki. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, Tanzania iliathirika sana.

Kinga ziko mbili. Ya kwanza ni kuweka kompyuta ndogo ya kutafsiri majina ndani ya jengo, na kuiandikia majina yote ya humo. Ya pili ni kuitumia kompyuta hiyo kuhifadhi majibu ya nje. Kila jibu huja na muda wake wa kutumika, pengine saa moja, kisha hupaswa kuulizwa upya. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2020 unaruhusu jibu lililopitwa na muda litumike, kwa siku moja hadi tatu, ikiwa seva za nje hazijibu.

Hata hivyo, kujua anwani si kufika: mashine ya ng'ambo haitafikika hata jina lake likihifadhiwa. Tena jibu la zamani laweza kupotosha, ikiwa mashine imehamishwa.

Shule yenye seva yaweza kujipima. Waya wa nje uchomolewe. Mwanafunzi aandike jina la seva ya shule, kisha tarakimu zake. Tarakimu zikifungua na jina likakataa, kasoro imo katika tafsiri ya majina, na dawa yake imo mumo humo shuleni.