Likizo ya Familia katika Nchi ya Lualaba

Mwezi wa Julai shule za Kongo hufunga milango yake, na watoto hupata wiki nyingi za mapumziko. Wazazi wa Kolwezi wajua kwamba wiki hizo zina baraka na hatari pia. Mtoto asiye na kazi nyumbani wala mahali pa kwenda huvutwa upesi na mashimo ya kobalti. Mwaka 2016 shirika la Amnesty International lilitoa taarifa juu ya jambo hili. Lilitaja makadirio ya UNICEF ya mwaka 2014, yaani kwamba watoto 40,000 hivi walikuwa wakifanya kazi katika migodi ya kusini mwa Katanga. Baadhi yao walikuwa wanafunzi waliochimba na kuosha mawe siku za likizo.

Wengi husukumwa na umaskini, na umaskini hauondoki kwa matembezi. Lakini mzazi aliyeweka akiba kidogo aweza kuwaonyesha wanawe jambo lingine. Mwanafunzi wa Kolwezi aijua vema Kingamyambo, ulikomwagwa mchanga wa masalio ya madini tangu miaka ya 1950. Je, akiulizwa mto Lualaba watoka wapi na waenda wapi, atajibu nini? Basi, tutazame mahali patatu panapofaa familia yenye fedha chache.

Siku moja: Nzilo

Kaskazini mwa Kolwezi maji ya Lualaba yamezuiwa na ukuta wa Nzilo, uliokamilika mwaka 1952. Hapo zamani uliitwa Delcommune. Nyuma ya ukuta huo limefanyika ziwa kubwa, nao wavuvi hulipita kwa mitumbwi. Chini yake mto huingia katika bonde jembamba la mawe na kuporomoka kwa kiasi cha mita 450 katika mwendo wa kilomita 70 hivi. Nguvu hiyo ya maji ndiyo inayotoa umeme wa migodi.

Yafaa wazazi wawaeleze watoto kwamba mto huu huanza katika nyanda za juu za Katanga, karibu na mpaka wa Zambia, na kwamba huko Kisangani huchukua jina la Kongo. Mwaka 1871 David Livingstone, mzaliwa wa Blantyre katika Skotlandi, aliufikia huko Nyangwe, naye akadhani ameupata mto Nile. Ni Stanley aliyeufuata hata karibu na bahari, akafika Boma mwaka 1877.

Kwa safari hii chukueni chakula kutoka nyumbani, mwondoke alfajiri, mrudi kabla ya giza. Msiwaache watoto kuoga ziwani, kwa sababu ya mamba na kichocho. Karibu na mitambo ya umeme, ombeni ruhusa kwanza kabla ya kupiga picha.

Siku mbili: Bunkeya

Bunkeya ulikuwa mji mkuu wa Msiri, mfanyabiashara mwenye asili ya Unyamwezi aliyejifanyia ufalme kwa shaba na pembe za ndovu. Watu wake ndio Wayeke. Frederick Stanley Arnot, mhubiri kutoka Glasgow katika Skotlandi, aliondoka Durban mwaka 1881, wala hakufika Bunkeya ila mwaka 1886. Sisi twalalamika kwa sababu ya siku moja ya vumbi!

Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na Kapteni Bodson, aliyetumwa pamoja na wenzake kuitwaa Katanga kwa ajili ya mfalme Leopold II. Kila mwaka Wayeke huikumbuka tarehe hiyo. Mtoto anayesimama mahali pale hufahamu kwamba shaba ya Katanga ilichimbwa na kuuzwa na wenyeji kabla mzungu yeyote hajajenga tanuru. Mkifika, nendeni kwanza kuwasalimu wakubwa wa mji, na waacheni wao wawaonyeshe njia.

Siku tatu au nne: Lubumbashi

Barabara ya kutoka Kolwezi hata Lubumbashi, kwa kupitia Likasi, ni ya kilomita 300 hivi. Lipo jumba la makumbusho lililoanzishwa mwaka 1946, lenye vitu vya mababu waliofua shaba. Liko pia bustani la wanyama, na kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo lililojengwa kwa matofali.

Kulala na kula

Hoteli nyingi za miji hii huhesabu bei kwa dola, kwa kuwa hupokea wageni wa makampuni ya madini. Familia na iulize kwanza nyumba za wageni za misheni, ambazo mara nyingi ni safi na tulivu. Kulala kwa ndugu kuna gharama ndogo zaidi, lakini kuna adabu yake. Msiende mikono mitupu. Pelekeni unga na mafuta. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: hata watoto na wateke maji na kufagia ua.

Mjini, katika vibanda vinavyoitwa malewa, hupatikana bukari ya mahindi, sombe na samaki. Chagueni kibanda chenye watu wengi na chakula kilicho moto. Onjeni munkoyo, kinywaji cha unga wa mahindi na mizizi ya porini. Kuhusu samaki, ulizeni walikovuliwa. Mwaka 2009 wataalamu wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven walitangaza kwamba watu waishio karibu na migodi ya Katanga walikuwa na kobalti nyingi mno miilini mwao. Samaki wa kijito kinachopokea maji machafu ya mgodi si chakula cha mtoto.

Kabla ya kuondoka

Hesabuni nauli ya kwenda na kurudi, malazi, chakula, na akiba ya ugonjwa. Kama fedha hazitoshi, fupisheni safari, wala msikope. Chukueni mablanketi, maana usiku wa Julai ni wa baridi kali katika nyanda hizi. Ulizeni habari za usalama wa njia kwa watu waliopita juzi, hasa kuelekea hifadhi ya Upemba, ambako makundi yenye silaha yamewahi kushambulia.

Mwisho, kila mtoto na abebe daftari. Na auchore mto, ataje miji, aandike aliyoyasikia kwa wazee. Shule zikifunguliwa Septemba, awe na jambo la kuwasimulia wenzake, hasa yule mwenzake aliyekaa likizo nzima shimoni.