Kocha Mkubwa, Kwa Bei Gani?

Mechi ya Uingereza ikiisha Jumamosi usiku, kwenye vibanda vya mpira vya Eldoret huzuka ubishi uleule: Guardiola ni kocha au ni mtu mwenye mfuko mnene? Mashabiki wa Arsenal humtaja kocha wao wa zamani, Wenger, aliyemnunua Anelka kwa pauni nusu milioni mwaka 1997, na miaka miwili baadaye Real Madrid wakamchukua kwa zaidi ya pauni milioni 22. Ubishi mtamu, ila pesa si zetu. Timu tunayoigharamia sisi ni timu ya taifa, Harambee Stars, basi tuwapime makocha wake kama tunavyopima bidhaa dukani.

Jacob "Ghost" Mulee, mwana wa nyumbani, alitupeleka Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) kule Tunisia mwaka 2004. Tukafungwa 3-1 na Mali, 3-0 na Senegal, kisha tukailaza Burkina Faso 3-0. Mfaransa Sébastien Migné akatupeleka Misri mwaka 2019: Algeria 2-0 dhidi yetu, Tanzania tukaishinda 3-2, Senegal ikatupiga 3-0. Pointi tatu kwa tatu, wote wakaaga kwenye makundi, hata kipigo cha Senegal ni kilekile. Lakini safari ya Misri ilitanguliwa na kambi Ufaransa, na serikali ilitoa shilingi milioni 244.

Tusimwonee Migné. Pesa hizo hazikuwa mshahara wake, na bei za 2019 si za 2004. Isitoshe, Algeria na Senegal ndizo zilizokutana fainali mwaka huo. Lakini kuna upande wa pili: mwaka 2004 nafasi zilikuwa 16 tu, mwaka 2019 zikawa 24. Mulee alipita mlango mwembamba zaidi, tena akiwa ameshabeba Kombe la CECAFA la 2002. Kwangu mimi, yeye ndiye aliyetupa thamani ya pesa.

Bei chungu kuliko zote hata haikuandikwa kwenye mshahara. Adel Amrouche alitwaa CECAFA hapa nyumbani Desemba 2013. Mwaka uliofuata Lesotho ikatutoa kwenye mbio za AFCON, naye akatimuliwa. Kesi ya kutimuliwa kwake ikaishia kwa shirikisho la soka kuamriwa kumlipa takriban shilingi milioni 109. Hapo tulinunua kuondoka kwake, si kazi yake.

Watu wa Eldoret wana kipimo kingine karibu. Panda matatu hadi Iten, uulize habari za Brother Colm O'Connell. Alitoka Ireland mwaka 1976 kufundisha jiografia katika shule ya St Patrick's, bila historia yoyote ya ukocha wa riadha. Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1500 mwaka 1988, alipitia mikononi mwake, na David Rudisha akakimbia mita 800 kwa 1:40.91 kule London mwaka 2012. Hakuna aliyemnunulia wanariadha hao. Aliwapokea wakiwa vijana, akawapika.

Hata hivyo pesa ina kazi yake, na kambi ya riadha ya Kaptagat inaonyesha ni ipi. Patrick Sang alimlea Eliud Kipchoge tangu ujana, kwenye kambi ambako bingwa wa dunia husafisha choo kwa zamu. Malezi hayo yalimpa marathoni ya 2:01:39 mjini Berlin mwaka 2018. Kushuka hadi 1:59:40 Vienna mwaka 2019 kulihitaji mdhamini tajiri na wasindikizaji 41, na muda wenyewe haukuingizwa kwenye rekodi rasmi. Guardiola naye yuko hapo: mamilioni yake hununua zile hatua za mwisho, si ufundi mzima.

Kwa hiyo, ndugu mnaoketi kwenye kamati za timu za mtaa hapa Uasin Gishu, kocha akija na orodha ya wachezaji wa kununuliwa, mwombeni kwanza majina ya vijana aliowainua mwenyewe. Halafu, kabla ya kutia sahihi, someni kifungu cha kuvunja mkataba.